KWASHIORKOR NA KOPO LA MAZIWA
Habari za Jinsi Mataifa Yalivyojaribu Kulisha Watoto Wetu



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita lilizuka neno juu ya Mfuko wa Watoto, na wote waliohudhuria wanakumbuka kwamba halikumalizika. Wengine walisema chama kiandike barua kwa marafiki wa ng'ambo, kiombe maziwa ya unga kwa ajili ya watoto wadhaifu wa nyumbani. Wengine walisema fedha zile zinunue mizani na mbegu za maharagwe, na akina mama wapate mafundisho. Mimi nikiwa karani, kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya pande zote mbili katika daftari la kumbukumbu bila kutia langu. Baadaye Kamati iliniagiza nitafute habari za mambo hayo tangu mwanzo, zichapwe katika kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka, ili tutakapokutana tena tusibishane gizani. Nimefanya hivyo kadiri ya uwezo wangu. Nikionekana kuelemea upande mmoja, sababu yake itajulikana mbele.

Ugonjwa wenyewe Kiswahili huuita unyafuzi, lakini jina lililoenea duniani kote ni kwashiorkor, nalo ni neno la Kiafrika. Lilitoka katika lugha ya Waga, watu wakaao karibu na Accra, katika nchi iliyoitwa Gold Coast mpaka mwaka wa 1957 ilipopata uhuru ikaitwa Ghana. Aliyelipeleka neno hilo katika vitabu vya madaktari ni Bibi Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, ambaye alisoma udaktari Oxford katika siku ambazo wanawake wenye kazi hiyo walikuwa wachache mno. Alifika Gold Coast mwaka wa 1929. Huko aliona watoto wa umri wa mwaka mmoja mpaka minne waliovimba miguu na mikono, ngozi ikichubuka kama rangi ya ukuta wa zamani, nywele zikipauka na kuwa nyekundu, na nyuso zao zikiwa na huzuni isiyo ya kitoto. Aghalabu walikufa.

Madaktari wengine walikuwa na majina tayari ya kuubandika ugonjwa huo. Wako waliosema ni minyoo, na wako waliosema ni pelagra, ugonjwa uliojulikana Marekani na Ulaya kwa watu walao mahindi matupu. Bibi Williams alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wa siku zile hawakulifanya: aliwauliza wanawake wa pale waliitaje hali hiyo. Wakamwambia ni kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mwingine anapozaliwa. Katika neno hilo moja mlikuwa na maelezo yote. Mama amepata mimba tena. Mtoto ameachishwa maziwa upesi. Sasa analishwa uji wa mahindi peke yake. Na baada ya miezi michache amevimba. Mwaka wa 1933 Bibi Williams aliandika habari za ugonjwa huo katika jarida la madaktari la Uingereza, na mwaka wa 1935 akaandika mara ya pili, akilitaja jina lenyewe. Hakusadikiwa upesi. Mabishano juu ya pelagra yaliendelea kwa miaka mingi, naye mwaka wa 1936 alihamishwa kwenda Malaya.

Hapa naomba radhi nitoke katika historia kidogo. Nyanya yangu aliponisikia nikisoma maneno haya kwa sauti, alicheka, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Basi na wewe ulikuwa hivyo hivyo." Mdogo wangu alizaliwa mimi nikiwa sijatimiza mwaka mmoja na nusu. Nikaondolewa kifuani, nikapewa uji, na kabla ya mavuno nywele zangu zilikuwa zimegeuka rangi ya nyasi kavu. Jambo hilo sikuwa nimeambiwa kamwe. Nitalirudia.

Sasa turudi kwetu Kenya, maana si wengi wanaojua kwamba moja ya njia zilizofika katika Umoja wa Mataifa ilianzia hapa. Katika miaka ya 1920 Daktari John Gilks, aliyekuwa mkuu wa matibabu wa serikali ya kikoloni, na John Boyd Orr, mtaalamu kutoka Aberdeen, Scotland, walifanya uchunguzi juu ya makabila mawili yanayokaa jirani, Wamasai na Wakikuyu. Walipima urefu, uzito, nguvu za mikono, meno na damu. Taarifa yao ilichapishwa mwaka wa 1931. Walisema kwamba wanaume wa Kimasai, ambao chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na damu, waliwapita wanaume wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na nguvu zao zilizidi kwa nusu. Wakikuyu, walisema, walikuwa wakila nafaka na mizizi kwa wingi, na vitu vya kujenga mwili kwa uchache.

Taarifa hiyo ilisomwa sana, na wataalamu wa siku za baadaye wameikosoa sana pia. Mimi si mtaalamu, lakini hata karani aweza kuona mambo mawili. La kwanza, wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila mboga za majani ambazo wanaume wao hawakuzigusa, kwa hiyo kusema "chakula cha Wakikuyu" kana kwamba ni chungu kimoja ni kusahau nusu ya watu. La pili ni zito zaidi. Wapimaji walichungulia ndani ya chungu kwa bidii kubwa, lakini hawakuuliza kwa bidii iyo hiyo shamba lilikokwenda, wala kodi ya kibanda ililipwa kwa kitu gani, wala ni nani aliyebaki nyumbani kulima wakati mwanamume alipokuwa kibaruani. Nasema hivi bila chuki, maana Boyd Orr mwenyewe aliliuliza swali hilo mahali pengine. Mwaka wa 1936 alichapisha kitabu juu ya Waingereza wenzake, akionyesha kwamba karibu nusu yao hawakuwa na mapato ya kuwatosha kununua chakula kinachotakiwa na mwili. Kwao aliona umaskini. Kwetu waliosoma taarifa ile waliona desturi.

Walakini kutoka kwa watu kama yeye likazaliwa wazo kwamba chakula cha mtoto maskini ni jambo la mataifa yote. Katika miaka ya 1930 Shirika la Mataifa la Geneva lilianza kuchunguza chakula na afya. Vita vikiwa bado vinaendelea, mwezi wa Mei na Juni mwaka wa 1943, wajumbe wa mataifa 44 walikutana Hot Springs, Marekani, kuzungumza juu ya chakula na kilimo. Na tarehe 16 Oktoba 1945, katika mji wa Quebec, Kanada, lilianzishwa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO. Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza alikuwa huyo huyo John Boyd Orr aliyewapima Wamasai na Wakikuyu.

Mwaka wa 1946 alileta shauri kubwa. Alitaka iwepo Halmashauri ya Chakula ya Dunia, yenye fedha na ghala zake, ambayo ingenunua nafaka wakati wa wingi ili bei isianguke na kumwumiza mkulima, na kuitoa wakati wa uhaba ili bei isipande na kumwua mlaji. Kila mkulima wa mahindi anayesoma kijitabu hiki ataelewa shauri hilo kuliko mabwana waliolikataa. Uingereza na Marekani hazikukubali kukabidhi mambo hayo kwa chombo cha mataifa yote, na shauri likafa mwaka wa 1947. Boyd Orr aliondoka FAO mwaka wa 1948. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Basi kile kilichokuja Afrika baadaye hakikuwa ghala ya Boyd Orr. Yalikuja maziwa ya unga.

Yalikuja kwa sababu mbili zilizokutana njiani. Ya kwanza ilikuwa ya kitaalamu. Shirika la Afya la Dunia lilianzishwa mwaka wa 1948, na Bibi Williams, ambaye wakati wa vita alifungwa na Wajapani kule Singapore akaponea chupuchupu, akawa mkuu wa kwanza wa idara yake ya mama na mtoto. Halmashauri ya wataalamu wa shirika hilo pamoja na FAO ilipokutana, ilitaka kujua kwashiorkor imeenea kiasi gani. Wataalamu wawili, Brock na Autret, walitumwa Afrika mwaka wa 1950, na taarifa yao ilitoka mwaka wa 1952. Walisema ugonjwa umeenea sehemu kubwa za bara hili, na sababu yake kubwa ni upungufu wa protini, yaani kile chakula cha kujenga mwili ambacho watoto wa shule husomeshwa.

Sababu ya pili ilikuwa ya biashara. Wamarekani walikuwa wakitengeneza siagi nyingi. Maziwa yakishaondolewa mafuta, hubaki maziwa membamba yenye protini tele, ambayo hukaushwa yakawa unga. Serikali ya Marekani ilikuwa ikinunua unga huo ili kulinda bei ya wakulima wake, nazo ghala zikajaa. Mwaka wa 1954 ilipitishwa sheria ya kupeleka akiba za namna hiyo nchi za ng'ambo. UNICEF, Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa lililoundwa mwaka wa 1946, likawa mgawaji mkubwa. Wataalamu wanasema Afrika imekosa protini. Ghala za Marekani zimejaa protini. Nani asingeona kwamba huo ni mpango wa Mungu?

Sitaki kusema uongo juu ya maziwa hayo. Yaliokoa watoto wengi. Pale Mulago, Kampala, Daktari Hugh Trowell, ambaye alianza kazi yake hapa Kenya mwaka wa 1929 kabla ya kwenda Uganda mwaka wa 1935, alikuwa amewaona watoto wa namna hiyo wakifa mbele yake kwa miaka mingi. Yeye pamoja na wenzake wawili, Davies na Dean, waliandika kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor mwaka wa 1954. Huko Mulago madaktari walijifunza kumtibu mtoto mahututi kwa mchanganyiko wa maziwa, na mtoto ambaye zamani angezikwa akaanza kurudi nyumbani akitembea. Hata leo mtoto aliyefika hospitalini katika hali ya hatari huanzishiwa maziwa maalumu, kwa kipimo kidogo kidogo, na hakuna ndizi wala uji utakaoshika mahali pake katika siku hizo za kwanza.

Taabu ilianza mlangoni mwa hospitali. Mama aliyeona mtoto wake akifufuliwa kwa unga mweupe alijifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kulifundisha: kwamba ugonjwa huu ni wa dawa, na dawa yake imo katika kopo. Tena aliona chupa na chuchu ya mpira. Akarudi kijijini. Unga ukapungua, hana fedha za kununua mwingine, akauzidishia maji ili ufike mwisho wa mwezi. Maji yenyewe ni ya mtoni. Kuni za kuchemsha chupa mara sita kwa siku hakuna. Mtoto akaanza kuhara, na mtoto anayehara hukonda kuliko aliyekosa maziwa. Wengine wakaacha hata kunyonyesha, kwa kudhani kwamba maziwa ya kopo yashinda ya mama. Tena unga wa kwanza uliogawiwa haukuwa na vitamini A, maana mafuta yalipoondolewa, vitamini hiyo nayo iliondoka pamoja nayo, na macho ya mtoto huihitaji.

Ajabu ni kwamba Bibi Williams alikwisha kuonya zamani. Mwaka wa 1939, mbele ya Klabu ya Rotary ya Singapore, alitoa hotuba juu ya maziwa matamu ya kopo yaliyokuwa yakiuzwa kwa akina mama kama chakula cha watoto wachanga. Hotuba hiyo aliipa jina la kutisha, Maziwa na Mauaji, naye hakuyameza maneno. Ilichukua miaka 42. Mnamo Mei mwaka wa 1981 mkutano wa Shirika la Afya la Dunia ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa yashindanayo na ya mama. Mataifa 118 yalikubali na moja, Marekani, lilikataa. Hapa Kenya sheria ya jambo hilo ilipatikana mwaka wa 2012.

Sasa narudi kwa maneno ya nyanya. Aliniambia kwamba nilipovimba nilipelekwa hospitali, nikakaa majuma matatu, nikapona. Mama akapewa makopo mawili ya kwenda nayo nyumbani. Kwa kuwa tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, na kwa kuwa maziwa yale yalionekana kuwa kitu cha thamani, mama aliamua kuwatendea haki watoto wake wote. Akaanza kumpa na mdogo wangu kwa chupa, ili naye anenepe. Akayazidishia maji, kama wengine. Mdogo wangu alikuwa na miezi minne. Hakufika wa sita. Nyanya hakumlaumu mama, wala hospitali, wala mtu ye yote. Alisema tu kwamba makopo yale yalikuwa mazuri sana, na kwamba hata baadaye aliyatumia kuwekea chumvi. Moja bado lipo, nami nimekula chumvi yake miaka yote bila kujua.

Hiyo ndiyo sababu niliyosema itajulikana.

Watu wa Mulago waliyaona mambo hayo kwa watoto mia, si kwa mmoja. Mtoto alitibiwa, akaenda, akarudi baada ya miezi, amevimba tena. Kwa hiyo mwaka wa 1965 walifungua nyumba nyingine kando ya hospitali, wakaiita Mwanamugimu, jina lililotoka katika methali ya Kiganda juu ya mtoto mwenye afya. Mle ndani mama alikaa pamoja na mtoto wake, akapika mwenyewe. Palikuwa na bustani. Chakula walichofundishwa kilikuwa kitobero: ndizi au viazi, maharagwe au njugu zilizopondwa, samaki mkavu kidogo au yai, na mboga za majani, vyote katika jani la mgomba, vikapikwa kwa mvuke juu ya chakula cha watu wazima. Kuni ni zile zile na moto ni ule ule. Mama alitazama mtoto wake akinenepa siku kwa siku kwa vitu ambavyo alikuwa navyo nyumbani, au ambavyo jirani yake alikuwa navyo. Alipotoka hakubeba kopo. Nyumba hiyo ingali ikifanya kazi.

Wakati huohuo, huko juu, mabishano ya wataalamu yaligeuka. Mwaka wa 1968 Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa iliyosema dunia inakaribia hatari ya kukosa protini, na fedha nyingi zikatumika kutafuta unga wa samaki, unga wa soya, hata protini iliyooteshwa juu ya mafuta ya petroli. Mwaka wa 1974 Daktari McLaren aliandika katika jarida maarufu la madaktari kwamba mambo yale yote yalikuwa kosa kubwa: watoto wengi wa dunia walikuwa wamekosa chakula cha kutosha cha kila namna, si protini peke yake. Hata kwashiorkor yenyewe bado ina siri zake. Mwaka wa 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa jozi 317 za mapacha wa Malawi. Mapacha hao walikuwa wakila chungu kimoja, lakini mara nyingi mmoja aliugua na mwenzake akabaki mzima. Na wachunguzi wakaona kwamba vijidudu viishivyo matumboni mwao navyo vina sehemu yao katika jambo hilo. Nayaeleza haya ili tusimcheke bibi kizee asemaye kwamba ugonjwa huu una mambo mengi.

Kuhusu misaada ya chakula chenyewe nitasema machache, kwa kuwa wazee wetu wanaijua kwa midomo yao. Mpango wa Chakula Duniani uliundwa mwaka wa 1961. Mwaka wa 1972 na wa 1973 akiba za nafaka za dunia zilipungua, bei zikapanda, na misaada ikapungua wakati uleule ilipohitajiwa zaidi. Katika njaa ya mwaka wa 1984 tulikula mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Wako wanachama wanaokunja uso mpaka leo wakiyakumbuka. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka wa 1979, hayo yalikuwa ya ng'ombe wetu wenyewe, nao waliosoma miaka ile husimulia habari za pakiti zile za pembe tatu kana kwamba wanasimulia habari za harusi. Mwaka wa 2018 chakula cha shule kilichokuwa kikisimamiwa na Mpango wa Chakula Duniani kilikabidhiwa kwa Serikali ya Kenya. Na mwaka wa 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Zikakatizwa hata fedha za kununua ule mchanganyiko laini wa njugu na maziwa unaotumika kuwaponya watoto waliokonda sana. Amri iliandikwa mahali ambapo hakuna mmoja wetu aliyeulizwa, kama vile ghala za miaka ya 1950 zilivyojazwa bila kutuuliza.

Je, ni kusema kwamba ushirikiano wa mataifa haukufaa? Hapana, na hapa nawaomba wale wa upande wangu wanisikilize pia. Uko mfano mmoja karibu nasi, mkoa wa Iringa, Tanzania, ambao nimeusoma kwa hamu zaidi kuliko yote.

Iringa ni nchi ya mahindi. Ni mmoja wa mikoa iliyoilisha Tanzania. Walakini watoto wake walikuwa wembamba na wafupi, na wengi walikufa. Mwaka wa 1983 ulianzishwa huko mpango wa pamoja wa UNICEF na Shirika la Afya la Dunia, na fedha zilitolewa na Serikali ya Italia. Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1973, ilikuwamo tangu mwanzo. Vijiji vilikuwa 168, na watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano wapatao 46,000. Ajabu ya mpango huo ni kitu kilichotangulia. Kabla ya mambo mengine zilikuja mizani.

Kila miezi mitatu ilifanywa Siku ya Afya ya Kijiji. Watoto walipimwa mbele ya watu, uzito ukaandikwa katika kadi yenye rangi, na hesabu ya kijiji kizima ikapelekwa katika halmashauri ya kijiji. Wazee wa halmashauri, ambao walizoea kuzungumza juu ya barabara na bei ya pembejeo, sasa walilazimika kusikia kwamba watoto kadhaa wa kijiji chao wamo katika rangi nyekundu, na kueleza watafanya nini. Wakaulizana sababu. Katika kijiji hiki ilionekana kwamba mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Katika kijiji kile ni homa na kuhara. Mahali pengine pombe ilimaliza mahindi. Kila kijiji kikatafuta dawa yake: mahali pa kulishia watoto mchana wakati mama yuko kazini, mfanyakazi wa afya aliyechaguliwa na wanakijiji, choo, chanjo, shamba la pamoja.

Jambo moja la jikoni lazima nilieleze, maana lafaa kwetu. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi una maji mengi na nguvu kidogo. Uji mzito una nguvu, lakini mtoto hawezi kuumeza kwa wingi. Katika vijiji vya Tanzania wamama walikuwa wakijua kimea tangu zamani, ile nafaka iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa, ambayo kwa kawaida ni ya kutengenezea pombe. Ukichukua uji mzito ambao mwiko husimama ndani yake, ukauacha upoe kidogo, kisha ukatia kijiko cha kimea, baada ya dakika chache uji huo hulainika ukanyweka, wala nguvu zake hazipungui. Mtoto hula chakula kingi katika bakuli lile lile dogo. Wataalamu hawakuuleta ujuzi huo kwa ndege. Waliuokota pale pale, wakaupima, wakauhubiri.

Kufika mwaka wa 1988 watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walikuwa wamepungua kutoka asilimia 6.3 mpaka 1.8. Wale wote waliokuwa na uzito mdogo walipungua kutoka karibu asilimia 56 mpaka 38. Hesabu ya asilimia 38 bado ni kubwa, na mtu asijivune nayo. Tena wafanyakazi wa afya wa vijiji hawakulipwa vema kila mahali, na kazi kama hiyo hulegea fedha za wageni zikiisha. Lakini yale yaliyofikiriwa Iringa yakaenda mbali: mwaka wa 1990 UNICEF iliyaweka katika mpango wake wa dunia nzima, kwamba afya ya mtoto hukaa juu ya mafiga matatu, yaani chakula, kinga ya maradhi, na malezi. Mfano wa mafiga ni wangu; wao walichora mchoro.

Katika nchi yetu, watoto waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, walikuwa asilimia 35 katika hesabu ya mwaka wa 2008 na 2009, wakawa 26 mwaka wa 2014, na 18 mwaka wa 2022. Hesabu hiyo ya mwisho ni ya nchi nzima, na hapo nyumbani kwetu hatukuwa na hesabu ya namna yo yote mpaka mwaka huu.

Maana, kama ilivyoandikwa katika ukurasa wa fedha wa kijitabu hiki, Kamati ilikubali kwanza kununua mizani moja, ile ya kutundika, pamoja na kadi 200 na daftari, na kuyaacha maneno ya maziwa na ya mbegu yangoje mkutano mkuu. Muuguzi wa zahanati alikuja kutuonyesha jinsi ya kuitumia. Mizani ilitundikwa katika mwembe ulio mbele ya nyumba ya mkutano, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Watoto waliokuja walikuwa 31. Waliolia ni karibu wote. Walio chini ya mstari mwekundu ni 4, na kati ya hao 3 wana mdogo anayenyonya nyumbani. Majina yao sikuyaandika hapa. Yamo katika daftari, nalo daftari limo katika sanduku la chama, na mwanachama ye yote aweza kuomba ufunguo kwangu kabla ya siku ya kupiga kura.